Mstari wa Chini

5 Oktoba 2025, Jumapili

Nesi Katunge wa kliniki ya presha pale Othaya ameniambia niwe naandika kila siku: nimeamka namna gani, kama kichwa kinauma, kama nimekunywa dawa. Alipokuwa ananijazia kadi aliniuliza niko na watoto wangapi. Nikasema wawili. Akaandika, akaendelea na mengine.

Binti yangu Njoki amenipa daftari lake la hesabu ambalo halikujaa. Mimi niliacha shule darasa la sita, lakini kwa kuwa msomaji ni mimi mwenyewe, tutavumiliana.

Kichwa hakiumi. Dawa nimekunywa. Kahawa ya upande wa juu imeanza kuwa nyekundu.

Mwanangu Theuri hakuja nyumbani, wako na mazoezi. Tangu aende chuo Nyeri na kupanga chumba Skuta pamoja na mwenzake Kingori, hii nyumba imekuwa na nafasi nyingi sana. Zamani nilikuwa nikilalamika juu ya ule mpira wake wa makaratasi na kamba za migomba. Alikuwa anaupitisha katikati ya miti ya kahawa, kushoto kulia, kushoto kulia, na baba yake akipiga kelele kwamba anaangusha maua. Halafu huyo huyo Ngugi anaweka jembe chini, anasimama mwisho wa mstari na viatu vyake vya gambuti, ati yeye ni golikipa. Mzee akifungwa anasema jua lilikuwa machoni. Na hapo kuna ukungu hata nyumba haionekani.

6 Oktoba

Dawa nimekunywa. Kichwa kidogo.

9 Oktoba

Tumeanza kuchuma. Tunachumiana kwa zamu na akina mama wa hapa, leo kwangu, kesho kwa mwingine. Cucu Wakiuru, mama wa marehemu mume wangu, anachukua mstari wa karibu na nyumba ili apumzike akitaka, ingawa hapumziki, anatusimamia. Wengine wanagawana katikati. Mstari wa chini kabisa, ule wa karibu na mto, ni wangu. Wanajua. Mgeni akiuelekea, Cucu anamwita arudi juu.

12 Oktoba, Jumapili

Baada ya kanisa nimeenda uwanja wa Ruring'u kumwona Theuri akicheza. Sijui mpira, najua miguu yake. Anapinda kushoto, halafu kulia, vile alivyokuwa akipita kwenye kahawa, na yule beki mkubwa anabaki akitafuta mtu. Ilipofika dakika za mwisho alipita watatu akafunga. Mzee mmoja kando yangu akauliza, "Huyo ametoka wapi?"

Nikamwambia, "Ametoka kwangu."

Mwalimu Simiyu, kocha wao, alinipeleka kwa mtu anaitwa Mutuku, wa timu kubwa ya Nairobi. Alinisalimia kwa mikono miwili. Akasema kijana ana mwili mwepesi kwa umri wake. Wenzake wanamwita Kadogo. Hata shule ya msingi alikuwa mdogo kuliko darasa lote, na ndiyo sababu alijifunza kukwepa, maana wakubwa wangemvunja.

Nilirudi nikitabasamu peke yangu hadi Othaya.

13 Oktoba

Presha iko juu. Nesi ananiuliza nimekula nini. Sikumwambia nimekula furaha.

17 Oktoba, Ijumaa

Theuri amepiga simu. Timu ya Nairobi inamtaka aingie na vijana wao mwezi wa kwanza, wanamlipia malazi, na akifanya vizuri mwaka mmoja anapewa mkataba wa wakubwa. Lakini ni vijana wa chini ya miaka ishirini. Waliozaliwa 2006 kuja huku. Vyeti vifike kabla ya tarehe tano Desemba.

Akacheka kile kicheko cha kujikaza. "Mathe, si ungenichelewesha miaka miwili tu? Mimi ni wa 2004. Nimeshazeeka."

Niliishika simu. Nilisikia Kingori akiwasha redio huko nyuma. Nikamwambia, "Pole, mwanangu." Halafu nikakata, nikaenda kuketi kwenye gunia.

18 Oktoba

Sikulala. Kichwa kinagonga. Dawa nimekunywa.

19 Oktoba, Jumapili

Sikuenda kanisa. Nimemwambia Njoki ni kichwa.

Acha niandike hapa, kwa sababu mdomo umekataa.

Theuri si wa 2004. Theuri alizaliwa tarehe mbili Juni 2006. Yule wa 2004 ni mwingine.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Huyo wa kwanza alizaliwa Machi, tarehe kumi na nne, na kwa sababu alikuwa kijana wa kwanza akapewa jina la baba ya mume wangu, Theuri. Kanisani akabatizwa Ben. Ngugi alikuwa na furaha mpaka alitembea kwa miguu hadi Nyeri kuchukua cheti cha kuzaliwa, na wakati huo watu wengi hapa hawakuwa wakijali hizo karatasi. Alirudi nacho ndani ya shati ili kisiloe. Akakisoma kwa sauti kwa kila mtu aliyepita. Nakumbuka mpaka leo vile alivyosimama mlangoni, matone yakimtoka kwenye kofia, akisoma "jinsia: mume" kama mtu anasoma habari za dunia.

Julai ukungu ulishuka ukakaa wiki tatu. Mtoto alishikwa na kifua. Alikuwa na miezi minne. Tulimzika chini kwenye kahawa, karibu na mto, mti wa saba. Hapakuwa na picha. Wakati huo nani alikuwa na kamera?

Cucu aliniambia nisimlilie kwa jina. Jina ni la mzee, akasema, na litarudi. Watu wazima walijua, wakanyamaza. Hivyo ndivyo kwetu.

Miaka miwili baadaye akazaliwa mwingine. Cucu alimfunua uso, akamwangalia, akasema, "Theuri amerudi." Akapewa majina yale yale. Na mimi nilishika hilo neno kwa mikono yote. Ngugi hakwenda tena Nyeri kutafuta cheti. Kijana ni yule yule, alisema.

Siku ya kumwandikisha darasa la kwanza mwalimu aliuliza karatasi. Nilifungua mkebe wa majani chai ninaowekea vitu vya maana. Karatasi ilikuwa moja, na jina ni lake, baba ni wake, mama ni mimi. Sikuwa naiba. Mwalimu akasoma mwaka, akamwangalia mtoto, akasema huyu ni mdogo sana kwa miaka saba. Hapo ndipo nilipohisi baridi. Ningesema nini? Kwamba hajarudi?

Karatasi hiyo ndiyo ilimpeleka mitihani. Ndiyo ilimpatia kitambulisho. Sasa ndiyo imemfungia mlango, na mwenye ufunguo ni mimi. Nikisema, naogopa serikali itanishika. Hilo si kubwa. Naogopa watachukua ile karatasi. Ndiyo kitu pekee kinachosema kwamba yule wa kwanza alikuwepo.

20 Oktoba

Sikukuu ya Mashujaa. Mvua. Dawa nimesahau.

24 Oktoba

Mvua tena. Mwalimu Simiyu amepiga simu. Theuri hajaenda mazoezi wiki nzima, wala darasani. Kingori anasema amegeukia ukuta, anacheza mchezo wa simu tu. Nikauliza kama hawezi kuingia na wakubwa moja kwa moja. Mwalimu akasema, "Mama Theuri, wakubwa wanachukua mtu mwenye jina. Mlango wa mtu kama huyu ni ule wa vijana, na umri wake umepita." Akasema yeye mwenyewe ameumia kama amefiwa.

27 Oktoba

Kahawa inaiva haraka kuliko mikono. Kichwa.

2 Novemba, Jumapili

Jua kidogo asubuhi, Mlima Kenya ukaonekana wote mweupe juu, halafu ukajifunika. Ngugi alikuwa anasema Mlima ukionekana mwezi wa kumi na moja, mwenye kazi aache kazi, autazame. Ni miaka tisa tangu atuache na bado nikiuona nageuka kumwita.

Nilitaka kumwambia Theuri kwa simu. Nilimuuliza kama amekula.

8 Novemba, Jumamosi

Nitaandika yote.

Theuri amekuja saa nne asubuhi bila kusema anakuja. Amekonda. Alimsalimu Cucu, akamfinya Njoki shavu, akanifuata kwenye kahawa. Alikuwa na bahasha. Kuna mtu mjini anaitwa Kihara, kazi yake ni kutengenezea watu makaratasi, na amemwandikia kiapo. Ni mimi ninatakiwa kusaini.

"Imeandikwa karani alikosea," Theuri akasema. "Ati alitaka kuandika 2006 akaandika 2004. Ukisaini, Kihara anajua pa kupitia. Mama, hata mimi naona aibu. Lakini kila mtu kwenye mpira amejipunguzia miaka. Mimi tu ndiye mjinga."

Niliisoma polepole, kidole chini ya maneno. Jina langu, kijiji changu. Tarehe mbili Juni 2006 haikuwepo, walikuwa wameweka Machi ile ile. Halafu chini: kwamba mimi Wachuka nilizaa mtoto mmoja tu wa kiume, na sijawahi kuzaa mwingine.

Nilisoma hapo mara tatu.

Nikamuuliza, "Nani amesema niko na kijana mmoja?"

"Si uko na mmoja?"

Nilimshika mkono wa shati kama zamani tukivuka barabara, nikamteremsha mpaka mstari wa chini. Mvua ilikuwa imeanza ile nyembamba. Tulipofika mti wa saba nikamwambia yote, vile nimeandika hapa, lakini vibaya zaidi, maneno yakigongana. Alikuwa akiutazama ule mti kana kwamba anaambiwa auchume.

Mwisho akauliza, "Kwa hivyo mimi niko na miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

Nilifikiri atafurahi. Alirudi nyuma hatua moja.

"Kumi na tisa. Na kila mahali nimeandika siku yake. Kwa mtihani, kwa kitambulisho, hospitali. Hata msichana akiniuliza birthday namwambia ya mtu aliyekufa." Sauti yake haikupanda. Ingepanda ningevumilia. "Mama, ungeniambia. Hata darasa la nane, ungeniambia. Mimi nilikuwa nani hapa?"

Nikamwambia alikuwa Theuri wangu.

"Yupi?" akasema.

Akapanda juu. Hakunywa chai. Cucu alimwita akapita. Ile bahasha ya Kihara ilibaki kwenye debe langu, imelowa pamoja na kahawa, wino ukienda kila upande.

9 Novemba

Sikunywa dawa. Nimekunywa jioni.

11 Novemba

Hashiki simu. Cucu amesema, "Mwache. Babu yake pia alikuwa akikasirika kwa kutembea." Halafu akaweka kikapu magotini, akasema yeye ndiye aliyeanzisha haya maneno ya kurudi. "Ulikuwa unakauka, Wachuka. Nilitaka ule." Miaka ishirini na moja na hajawahi kuniambia hivyo. Nilikuwa nikifikiri ni mtu mgumu. Nilimchambulia kahawa yake yote mbichi na mbivu, yeye akae tu.

15 Novemba, Jumamosi

Amerudi. Amekuja na Mwalimu Simiyu.

Mwalimu alivaa viatu vya kanisa, akateleza mara mbili kwenye kilima chetu. Cucu akamuuliza kama huko kwao magharibi ardhi imelazwa chini kama mkeka. Akasema ndiyo, na watu wake pia wanalala vizuri. Cucu alicheka mpaka akashika jino lake.

Kumbe Theuri alimwambia yote. Mwalimu alisema kwao pia mtoto hupewa jina la aliyeondoka, kwa hivyo haoni la kushangaa. Linalobaki ni kuiambia serikali ukweli: kwamba walikuwa wawili. Yule wa kwanza aandikiwe kifo. Huyu aandikiwe kuzaliwa. Muda ni mfupi, lakini yeye atatuombea ruhusa kila mahali.

Theuri alikuwa amesimama mlangoni pale pale aliposimama baba yake na cheti. Akaniuliza, "Alikuwa anafanana na mimi?"

Nikamwambia kweli. Yule masikio yalikuwa yake mwenyewe. Huyu masikio ni ya kwangu.

Akayashika.

17 Novemba

Chifu Moffat ametupatia barua. Alimuuliza Cucu kama ana hakika mtoto alifariki. Cucu akamjibu, "Nilimwosha mimi. Wewe ulikuwa unachunga mbuzi za baba yako kwenye kahawa yangu." Chifu akaandika haraka.

Kanisani mzee wa kumbukumbu alitoa kitabu cha ubatizo, kimeliwa na mende pembeni. Ben Theuri, Aprili 2004. Kando yake msalaba mdogo wa kalamu nyekundu. Kurasa chache mbele, Ben Theuri, Agosti 2006. Sikujua kwamba kuna mtu aliweka huo msalaba. Wakati wote ulikuwa hapo.

19 Novemba, Jumatano

Nyeri, ofisi ya vyeti, mimi, Theuri na Mwalimu. Foleni kutoka saa mbili.

Karani aliyetuhudumia anaitwa Sylvia, mdogo, sauti ya chini. Alisoma barua, akatuangalia wote watatu, akatoa fomu mbili. Mwandiko wangu ni wa polepole kwa hivyo Theuri alichukua kalamu. Ya kwanza ilikuwa ya kifo.

Ilisema jina la marehemu. Aliandika BEN THEURI NGUGI kwa herufi kubwa. Kalamu ilisimama hapo. Sylvia alijifanya anatafuta muhuri.

"Tarehe?" Theuri akaniuliza.

"Ishirini na mbili Julai."

"Sababu?"

"Kifua."

Alipomaliza alinipa nisaini, na kiganja chake kilikuwa na jasho kama mtoto wa darasa la kwanza.

Halafu Sylvia akasema anahitaji cheti cha zamani. Nilikuwa nimekishika ndani ya leso. Nilijua nitatakiwa kukitoa, lakini mkono haukufunguka. Watu nyuma wakaanza kuguna. Nikamuuliza kama nitarudishiwa. Akasema hajui, lazima amwone mkubwa wake. Theuri akaninong'onezea, "Mama, kama hutaki, twende nyumbani. Nitacheza hapa tu."

Alimaanisha. Nilimwona.

Nikakitoa.

21 Novemba

Kichwa. Mkebe ni mwepesi sana.

25 Novemba

Theuri amerudi mazoezini, Mwalimu anasema anakimbia kama amefunguliwa kamba. Mvua imepungua. Ofisi haijapiga.

30 Novemba, Jumapili

Bado.

3 Desemba, Jumatano

Wamepiga. Tumeenda mimi na Theuri. Mkubwa wa Sylvia alinikemea kidogo, kwamba cheti si nguo ya kurithishana, kisha akaona vile nimeshika leso tupu akaniambia niketi. Akasaini.

Sylvia akanipa karatasi tatu. Cheti cha Theuri, cha 2006. Cha kifo. Na kile alicholeta Ngugi, cha 2004, kimepigwa muhuri kwamba mwenyewe amefariki.

"Hiki ni cha mtoto wako," akasema. "Kaa nacho."

Nimelia mbele ya foleni nzima. Mama mmoja asiyenijua akanishikia mkoba.

5 Desemba, Ijumaa

Siku ya mwisho. Mwalimu Simiyu alimpigia Mutuku nikiwa kando, akaweka simu mezani sote tusikie.

Mutuku akasema hawezi. Akasema kila mwaka vijana wanamletea vyeti vipya vinavyowapunguzia miaka, na huyu ni wa sita mwezi huu. Uchungu ukanipanda mpaka masikioni. Theuri aliinama, akaanza kufunga kamba ya kiatu iliyokuwa tayari imefungwa.

Mwalimu akasema, "Bwana Mutuku, hao wengine watano, kuna aliyekuletea na cheti cha kifo cha ndugu yake?"

Theuri akaiacha kamba.

"Mnazo karatasi zote mbili hapo?" Mutuku akauliza.

"Tatu. Na kitabu cha kanisa, na bibi aliyemwosha mtoto. Huyo bibi ukitaka kumsikia, jiandae."

Akasema vitumwe leo kabla ya ofisi kufungwa. Njoki akavipiga picha na simu.

Jioni Mutuku akajibu. Theuri anatakiwa Nairobi tarehe nne Januari. Kitambulisho kitarekebishwa akiwa huko.

Nimekaa hapa nikifikiri. Karatasi mpya peke yake isingeaminiwa. Ni ndugu yake aliyemwombea.

6 Desemba

Dawa nimekunywa. Nimelala mpaka saa moja, jogoo wa jirani amechoka kuwika.

14 Desemba, Jumapili

Mechi ya mwisho ya chuo, Ruring'u. Wamefungwa mbili kwa moja. Theuri alikosa bao mtoto angefunga. Yule mzee alikuwepo tena, akaniambia, "Wako leo amelala." Nikamwambia mwache, ni mtoto, ana miaka kumi na tisa. Nilipenda vile ilivyosikika, nikarudia.

3 Januari 2026, Jumamosi

Kahawa imekwisha, imebaki ile ya kuokota mwisho mwisho. Mlima uko wazi tangu asubuhi.

Theuri amefunga begi lake mara nne. Saa tisa akachukua debe la baba yake, lile la mkono wa waya, akasema mstari wa chini bado haujamalizwa. Nikamwambia huo ni wangu. Akasema anajua.

Tulichuma pamoja, yeye upande wa mto, mimi upande huu. Anachuma vibaya kama zamani, anavuta na majani. Hatukuongea mengi. Alipofika mti wa saba alipunguza mikono, akachuma punje moja moja, hakuvunja hata tawi. Halafu akaniuliza siku hiyo ya Machi, kumi na nne, mimi huwa nafanya nini. Nikasema huwa nakuja hapa, napalilia.

"Basi utanipigia," akasema. "Ukiwa hapa."

Tukapanda juu na madebe. Mahali njia inanyooka aliona chungwa bichi lililoanguka, akalipiga kwa mguu, kushoto kulia, kushoto kulia, mpaka mlangoni. Cucu akapiga kelele kwamba anaharibu.

6 Januari, Jumanne

Kliniki. Nesi Katunge amefurahi, presha imeshuka. Amesoma kurasa chache za mwanzo, nikamnyang'anya daftari.

Kadi yangu ya zamani imechakaa kwa hivyo amenijazia mpya. Jina. Umri. Kijiji. Halafu, bila kuinua macho, "Watoto wangapi, mama?"

"Watatu."

Akainua macho. "Si ulikuwa nao wawili?"

"Watatu," nikamwambia. "Mmoja anacheza mpira Nairobi. Mmoja yuko shule. Mmoja yuko nyumbani."

Akaandika tatu.